Nani Hulipia Pointi Zako?

Msiba wa baba yangu ulinikuta Chicago. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, posho yangu ikiishia kwenye pango na chakula, na simu ya kaka yangu iliingia usiku wa huko, wakati Morogoro kulikuwa kumekwisha pambazuka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani. Sikuinunua kwa fedha. Nilibadilisha pointi za kadi yangu ya mkopo, nikalipa kodi za viwanja vya ndege tu. Tiketi ya kurudi walinichangia Watanzania wenzangu wa pale mjini. Mweka hazina wa jumuiya yetu aliandika kila jina na kila kiasi katika daftari, na daftari hilo nimelitunza hadi leo.

Pointi zile nilizipata kwa njia ambayo wanafunzi wenzangu Wamarekani walishangaa kwamba sikuijua tangu mwanzo. Unafungua kadi ya mkopo inayotoa pointi nyingi za kukukaribisha. Kisha kila ankara ya nyumbani unailipa kwa kadi hiyo: umeme, gesi ya kupashia nyumba joto, simu, intaneti, chakula. Kila dola moja inakupa pointi moja. Mwisho wa mwezi unalipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, ili usitozwe riba hata senti. Pango peke yake sikulilipa kwa kadi, kwa kuwa wakala aliyekusanya kodi za jengo letu aliwatoza wenye kadi karibu asilimia 3, ilhali pointi yangu ilikuwa na thamani ya senti moja hivi. Kutoa tatu ili upokee moja si ujanja. Lakini ankara nyingine zote zilikuwa za bure, au ndivyo nilivyoamini.

Ghorofa ya chini aliishi mama mmoja wa kutoka Bukavu, aliyefika Marekani kama mkimbizi na ambaye alifanya kazi ya usafi hotelini. Hakuwa na kadi wala akaunti ya benki. Kila mwisho wa mwezi alipanga foleni katika mojawapo ya maduka ya Chicago yanayogeuza hundi kuwa fedha taslimu. Hapo alikatwa ada ya kugeuza hundi ya mshahara wake, akalipa ada nyingine ya kununua hati ya malipo ya kumpelekea mwenye nyumba, kisha akalipia umeme papo hapo dirishani. Niliporudi kutoka mazikoni alipanda ngazi kuja kunipa pole, amebeba sufuria ya sombe. Akaniuliza, "Mutoto yangu, ile tikiti nani alikulipia?" Nikamjibu kwamba benki ndiyo iliyonipa. Akacheka kidogo, akasema, "Banki haina ndugu."

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Hoja yangu ni moja: historia ya pointi za zawadi ni historia ya kumficha mlipaji. Na kila mahali ambapo mlipaji huyo alionekana, hata kwa muda mfupi, mambo yalibadilika.

Tuanze kabla ya kadi. Mwaka 1896, Thomas Sperry na Shelley Hutchinson walianzisha nchini Marekani kampuni ya kuuza stempu za zawadi, zile ambazo baadaye zilijulikana kila mahali kama stempu za kijani. Muuza duka alizinunua kutoka kwao, akampa mteja stempu moja kwa kila senti 10 alizotumia. Mteja alizibandika kwenye kitabu, na kitabu kilichojaa kilihitaji stempu 1,200. Vitabu vikitosha, alivipeleka kwenye kituo cha kampuni akabadilishiwa taa, blanketi au seti ya vyombo. Kufikia miaka ya 1960 stempu hizo zilikuwa katika maduka ya vyakula na vituo vya mafuta vya nchi nzima, na kampuni ilijigamba kwamba inachapisha stempu mara tatu ya zile za Shirika la Posta la Marekani.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Muuza duka aliligharamia jambo hilo kwa asilimia 2 hivi ya mauzo yake. Wa kwanza mtaani kutoa stempu alinufaika, kwa maana aliwavuta wateja wa jirani yake. Lakini jirani naye alipoanza kutoa stempu, hakuna aliyebaki na faida ya ziada. Kilichobaki ni gharama. Gharama hiyo iliingia kwenye bei ya mkate na maziwa. Aliyekusanya stempu kwa bidii alirudishiwa sehemu ya fedha zake kwa sura ya taa. Asiyekusanya aliilipia taa ya mwenzake.

Wanawake wa Denver waliliona jambo hilo. Mwezi Oktoba 1966, bei za vyakula zilipopanda, akina mama wa nyumbani waliyasusia maduka makubwa ya mji huo, na mgomo wao ukaenea katika miji mingine. Miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa kwamba maduka yanatumia fedha kwa stempu na michezo ya bahati nasibu, kisha yanazirudisha fedha hizo kupitia bei. Walitaka bei ishuke, zawadi ziondoke. Tafadhali litazame vizuri tukio hili, msomaji wangu. Stempu ilishikika mkononi. Ilitolewa mbele ya macho ya mnunuzi, dakika ile ile aliyokuwa akihesabu chenji. Kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kuuliza: hii nani anailipia? Miaka michache baadaye, mfumuko wa bei na msukosuko wa mafuta wa 1973 vilizimaliza nguvu stempu hizo. Vituo vya mafuta vyenye foleni ndefu havikuwa na haja tena ya kumbembeleza mteja.

Wakati stempu zikififia, kadi zilikuwa zinakua. Mwezi Septemba 1958, Bank of America iliwatumia wakazi wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa njia ya posta bila wao kuziomba. Hasara ya miaka ya mwanzo ilikuwa kubwa, kwa sababu ya wizi na ya watu wasiolipa, lakini benki haikurudi nyuma. Mtindo wa kutuma kadi zisizoombwa ulipigwa marufuku na Bunge la Marekani mwaka 1970, na kadi ile ya Fresno ikapewa jina la Visa mwaka 1976.

Kilichozifanya kadi kuwa mgodi ni sheria. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na kikomo cha riba, na mfumuko wa bei wa miaka ya 1970 uliifanya biashara ya kadi kuwa ya hasara chini ya vikomo hivyo. Mwezi Desemba 1978, katika kesi ya benki ya Marquette, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo ilikosajiliwa. Mwaka 1980 jimbo la South Dakota liliondoa kikomo chake cha riba, na Citibank ikahamishia huko biashara yake ya kadi. Tangu hapo, sheria ya jimbo dogo la wakulima ndiyo iliyoamua riba ya mfanyakazi wa New York.

Baada ya mlango huo kufunguliwa, kilichohitajika kilikuwa wateja, na hapo ndipo zawadi ziliporudi. American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili mwezi Mei 1981. Mwaka 1986 kampuni ya maduka ya Sears ilisambaza kadi ya Discover, iliyomrudishia mteja sehemu ndogo ya fedha alizotumia. Mwaka 1987 Citibank na American Airlines waliunganisha kadi na maili. Stempu ya kijani ilikuwa imefufuka, safari hii bila gundi na bila karatasi.

Fedha za zawadi hizi hutoka katika mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni riba ya wale wanaoshindwa kumaliza deni kila mwezi. Mfuko wa pili ni ada ya muamala. Ukilipa dola 100 kwa kadi ya mkopo nchini Marekani, anayepokea malipo hapati dola 100. Hupata 97 au 98 hivi. Sehemu kubwa ya kinachokatwa huenda kwa benki iliyokupa kadi, nayo benki hukurudishia kipande chake na kukiita zawadi. Muuza duka naye hafanyi biashara ya sadaka. Huiingiza ada hiyo kwenye bei, na bei ni moja kwa wote: mwenye kadi ya dhahabu na mwenye noti zilizokunjamana.

Je, muuza duka asingeweza kumtoza mwenye kadi peke yake? Hapa ndipo siasa ilipoingia, na naomba wanafunzi wangu wa sera za umma wasome kwa makini. Kuanzia mwaka 1976 sheria ya Marekani ilimkataza muuza duka kumwongezea bei mteja wa kadi, lakini ilimruhusu kumpunguzia bei mteja wa fedha taslimu. Kwa hesabu, nyongeza na punguzo ni kitu kile kile. Kwa siasa ni vitu viwili tofauti kabisa. Neno "nyongeza" humwonyesha mwenye kadi kwamba kadi ina gharama, na humfanya asite. Neno "punguzo" huiacha bei ya kadi ionekane kuwa ndiyo bei ya kawaida. Katazo hilo la kisheria lilikwisha muda wake mwaka 1984, lakini kampuni za kadi ziliendelea kuwakataza wauza duka kupitia mikataba yao, hadi makubaliano ya kumaliza kesi yalipoulegeza ukatazaji huo mwaka 2013. Kwa karibu miongo minne, basi, Wamarekani walitumia kadi bila kuruhusiwa kuiona bei yake.

Ndani ya giza hilo wajanja walistawi. Mfano ninaoupenda ni wa sarafu za dola moja. Kuanzia mwaka 2008, mamlaka ya Marekani inayotengeneza sarafu iliwauzia wananchi sarafu hizo kwa thamani yake halisi, ikazisafirisha hadi mlangoni bila malipo na kupokea kadi za mkopo. Lengo lilikuwa kuzisambaza sarafu mtaani. Wakusanya maili walinunua maboksi kwa maboksi, wakayapeleka moja kwa moja benki, wakalipia deni la kadi kwa sarafu zile zile na kubaki na maili. Serikali iligharamia usafirishaji na ada za kadi, nao wakapanda ndege. Mwaka 2011 mamlaka hiyo iliacha kupokea kadi kwa mauzo hayo. Kisa hiki huchekesha, lakini kina ukweli mchungu ndani yake: pointi hazikuzaliwa na kazi yoyote. Zilitoka mfukoni mwa mtu mwingine, katika kisa hiki mlipa kodi.

Ni nani huyo mtu mwingine kwa siku za kawaida? Mwaka 2010 watafiti watatu wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walichapisha makadirio yao. Waliandika kwamba kaya inayotumia fedha taslimu huzilipa kaya zinazotumia kadi dola 149 kwa mwaka, na kwamba kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133 kutoka kwa watumiaji wa fedha taslimu. Ukizipanga kaya kwa kipato, ile yenye chini ya dola 20,000 kwa mwaka ilitoa dola 21, na ile yenye dola 150,000 au zaidi ilipokea dola 750. Wapo wachumi wanaobishana na mbinu ya hesabu hizo. Utafiti mwingine wa miaka ya karibuni ulitazama ndani ya kundi la wenye kadi wenyewe, ukakadiria kwamba zawadi huhamisha dola bilioni 15 kwa mwaka kutoka kwa wenye uelewa mdogo wa mambo ya fedha kwenda kwa wenye uelewa mkubwa. Kiasi kinaweza kubishaniwa. Mwelekeo wa mto ni ule ule: maji yanapanda mlima.

Nilipoisoma ripoti ya Boston katika maktaba ya chuo nilimkumbuka jirani yangu wa Bukavu. Alinunua unga duka lile lile nililonunua mimi, kwa bei ile ile. Katika bei hiyo mlikuwa na ada ya kadi ambayo yeye hakuwa nayo. Mimi nilirudishiwa pointi. Yeye hakurudishiwa chochote. Senti zake chache na za wengine maelfu wa aina yake zilikuwa ndani ya tiketi iliyonipeleka kumzika baba. Aliniuliza nani alinilipia, kumbe mmoja wa walipaji alikuwa yeye, na wala hakuna aliyemwomba.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fedha taslimu nazo zina gharama: huibwa, huhitaji kuhesabiwa, kulindwa na kusafirishwa. Kadi humlinda mteja dhidi ya matapeli, na muuza duka hupata malipo ya uhakika. Ada fulani ni halali. Aidha, simlaumu mwanafunzi maskini anayekusanya pointi; mimi mwenyewe nilizikusanya, na nisingefika mazikoni bila hizo. Swali langu ni la mfumo. Ada ikipandishwa kupita gharama halisi ya huduma ili ipatikane ziada ya kuwavutia wateja wenye uwezo, hapo hatuzungumzii huduma tena. Tunazungumzia kodi inayotozwa na benki, ambayo hakuna bunge lililoipitisha kwa jina hilo.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 2003 Benki Kuu ya Australia iliilazimisha ada ya baina ya benki kwa kadi za mkopo kushuka kutoka wastani wa asilimia 0.95 hivi hadi 0.55, na ikawaruhusu wauza duka kuonyesha nyongeza ya kadi. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi na 0.2 kwa kadi zinazotoa fedha moja kwa moja katika akaunti. Katika sehemu hizo zote mbili zawadi za kadi zilipungua. Kupungua huko ni ushahidi tosha: mfereji ulipobanwa, zawadi ikakauka, maana haikuwahi kuwa na chemchemi nyingine. Marekani kwenyewe hali ni tofauti. Mashirika ya ndege yalipokwama wakati wa korona, United ilikopa dola bilioni 6.8 mwaka 2020 kwa kuweka rehani mpango wake wa maili, na American ikapata dola bilioni 10 mwaka 2021 kwa njia hiyo hiyo. Stempu ya senti 10 imekuwa dhamana ya mabilioni.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi tunaonunua umeme wa LUKU kwa simu? Yanatuhusu kwa sababu tunajenga sasa. Wenzetu walijenga mfumo wao kwa miaka sitini, kisha wakashindwa kuubomoa. Sisi bado tunapima kuta. Na historia yetu fupi ina mifano miwili inayostahili kukumbukwa.

Wa kwanza ni wa mwaka 2014, Tigo Pesa ilipoanza kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na fedha zao zilizohifadhiwa katika akaunti za dhamana benki. Chanzo cha gawio lile kilijulikana: ni fedha za wateja wenyewe zilizozaa. Muuza nyanya asiye na simu hakulichangia kwa kupandishiwa bei. Wa pili ni tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021. Ilionekana. Kila aliyetuma fedha aliisoma kwenye ujumbe wa simu yake, kwa shilingi kamili, na kelele zilizosikika nchi nzima zilifanya Serikali iipunguze kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache. Sizungumzii hapa uzuri au ubaya wa kodi ile. Ninachosema ni kwamba wananchi waliweza kuibishia kwa sababu waliiona, kama akina mama wa Denver walivyoiona stempu. Ingefichwa ndani ya bei ya sukari, tungeilipa hadi leo na kumshukuru anayetupa pointi.

Kwa hiyo ninyi watumishi wa umma mnaoandaa kanuni za malipo, nanyi wanaharakati mnaozisoma, nawaachia kipimo kimoja. Benki au mtandao wa simu ukija na zawadi kwa wanaolipa ankara kidijitali, msianze kwa kuuliza zawadi ni kubwa kiasi gani. Ulizeni imetoka mfukoni mwa nani, na kama mtu huyo anajua. Asipojua, aandikwe kwenye risiti.

Daftari la mchango wa msiba wangu lina majina thelathini na moja. Wengine walitoa dola 5, mmoja alitoa 100. Nawajua wote, na katika misiba yao nami nimeandikwa. Tiketi ya kurudi nimekwisha ilipa kwa utaratibu huo. Ile ya kwenda bado nadaiwa, na jina la mama wa Bukavu halimo katika daftari lolote.